Namna ya Kupima Athari za Kiuchumi za Kambi ya Jeshi la Anga kwa Eneo Linaloizunguka

Takwimu ya kwanza anayopewa mtu anapouliza kambi ya jeshi la anga ina faida gani kwa mkoa ni jumla ya mishahara na mikataba iliyolipwa katika mwaka wa fedha uliopita. Kwa kawaida takwimu hiyo hutolewa na kambi yenyewe, ni kubwa, na kihasibu ni sahihi. Hata hivyo, inaeleza kiasi ambacho wizara ya ulinzi imetumia, ilhali mkazi wa eneo anataka kujua ni kiasi gani kilibaki mikononi mwa watu wa eneo lake, na ni kiasi gani wasingekipata kabisa kama kambi isingekuwepo. Pengo kati ya takwimu hizo mbili ni pana, na kazi yote ya kupima ni kulivuka pengo hilo hatua kwa hatua, kwa makadirio yanayoweza kutetewa mbele ya watu wenye maslahi yanayopingana. Mwongozo huu unamlenga ofisa mipango, mwanafunzi wa uchumi au mwandishi wa habari aliyepewa kazi hiyo bila kuwa na jopo la wataalamu nyuma yake.

Swali lipangwe kabla ya kutafuta takwimu

Yapo maswali matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mchango wa kambi kama ilivyo leo. La pili ni athari za badiliko fulani, kwa mfano kikosi cha ndege za kivita kuhamishiwa hapo au kuondolewa. La tatu ni matokeo ya kambi kufungwa kabisa. Kila swali lina jibu lake, na jibu la moja halifai kuazimwa kwa ajili ya jingine. Kikosi kinapoondoka na askari 800 katika kambi ya watu 4,000, eneo halipotezi moja kwa moja sehemu moja ya tano ya mchango wa kambi, kwa sababu walinzi, wazima moto, mafundi wa umeme na waangalizi wa barabara ya kurukia hubaki vilevile.

Swali lolote litakalochaguliwa, mtafiti lazima aandike waziwazi analinganisha na hali gani. Kusema kwamba kambi isingekuwepo kusingekuwa na kitu chochote mahali hapo ni dhana dhaifu, na mara nyingi ndiyo inayobeba ripoti nzima bila kutajwa. Ardhi tambarare ya maelfu ya hekta, yenye barabara, umeme na maji, haiwezi kuchukuliwa kuwa ingekaa bure kwa nusu karne. Raia mwenye ufundi wa injini naye hangekaa nyumbani miaka yote hiyo. Angepata kazi nyingine, pengine ya mshahara mdogo zaidi, na tofauti ya mishahara hiyo miwili ndiyo faida aliyopewa na kambi. Ninashauri sentensi ya kwanza kabisa ya daftari la kazi iwe ile inayoeleza hali ya kulinganishia, kwa maneno ya kawaida, kabla ya hesabu yoyote.

Mpaka wa eneo

Eneo la kupimia lichorwe kwa kufuata mahali wanapolala na kufanya manunuzi watu wa kambi, kwa kuwa mipaka ya kiutawala haifuati mishahara inakoelekea. Njia rahisi ni kupata orodha ya makazi ya wafanyakazi kwa kata au kwa namba ya posta, bila majina, na kuchukua eneo linalobeba sehemu kubwa yao, tuseme tisa kati ya kumi.

Ukubwa wa eneo hubadilisha jibu kwa pande mbili zinazokinzana. Eneo likiwa kubwa, fedha nyingi zaidi huonekana kubaki ndani yake, kwa hiyo mchango unakua. Lakini uchumi wa kulinganishia nao ni mkubwa, kwa hiyo asilimia inashuka. Anayetaka kambi ionekane muhimu atachagua kutaja fedha kwa mkoa mzima na asilimia kwa mji ulio langoni. Msomaji mwangalifu ataigundua hila hiyo, basi ni bora kutoa hesabu mbili kamili, moja ya mji wa karibu na nyingine ya mkoa, kila moja ikiwa na kiasi chake na asilimia yake.

Mishahara, pamoja na yote yanayoipunguza

Hapa ndipo penye kazi nyingi, na ndipo makosa makubwa hufanyika. Kwanza, watu wa kambi wagawanywe katika makundi yanayotumia fedha kwa namna tofauti: askari wanaoishi ndani ya kambi, askari wanaopanga nyumba nje, raia walioajiriwa na jeshi, na wafanyakazi wa makandarasi. Wastani mmoja kwa makundi yote manne hauna maana yoyote.

Askari kijana asiye na familia, anayelala kambini, anayekula kwenye bwalo na kutibiwa katika zahanati ya kambi, hana sababu kubwa ya kutoa fedha nje ya uzio, isipokuwa kwa burudani, usafiri na simu. Sehemu ya mshahara wake huenda kwao alikozaliwa. Askari mwenye familia anayepanga nyumba mjini hulipa pango, karo, maji na umeme, kwa hiyo mshahara wake huacha alama kubwa zaidi. Raia aliyeajiriwa kambini ndiye mwenye athari kubwa kuliko wote kwa kila kiasi kinacholipwa: ana nyumba yake hapo, ndugu zake wako hapo, haruhusiwi kila mara kununua katika maduka ya jeshi, na akistaafu habebi vitu vyake kurudi kwingine. Ndiyo maana kambi ya matengenezo ya ndege, ambayo kwa kawaida huajiri raia wengi, haiwezi kufananishwa na kambi ya vikosi vya mapigano yenye bajeti ileile. Kambi ya Kelly huko San Antonio, Texas, iliyofungwa mwaka 2001, ilikuwa ya aina ya kwanza, na hofu iliyouzunguka uamuzi wa kuifunga ilitokana na maelfu ya mafundi raia, wengi wao wakiwa wenyeji wa jiji hilo.

Baada ya kugawanya makundi, mshahara ufuatwe unakopita. Tuchukue mfano wa kubuni ambao namba zake zimechaguliwa kwa urahisi wa hesabu tu. Katika kila 100 zinazolipwa kwa askari, 25 zinakwenda kwenye kodi ya taifa na mfuko wa pensheni. Zinabaki 75. Kati ya hizo, 15 zinatumwa mbali au zinawekwa akiba, na 20 zinatumika katika maduka, bwalo na huduma za ndani ya uzio. Zimesalia 40 zinazovuka lango kuingia mjini. Nusu yake, yaani 20, inalipia pango na huduma, ambamo tuseme asilimia 80 inabaki kwa watu wa eneo. Hiyo ni 16. Nusu nyingine inanunua bidhaa zilizotengenezwa mbali, ambapo mfanyabiashara wa eneo anabaki na faida yake na mishahara ya wauzaji wake, tuseme asilimia 25. Hiyo ni 5. Jumla ya kipato kilichoingia mikononi mwa wenyeji katika mzunguko wa kwanza ni 21, ilhali takwimu rasmi iliandika 100.

Viwango halisi vipatikane kwa dodoso. Kamanda akikataa dodoso kusambazwa kambini, na hukataa mara nyingi kwa sababu za usalama, zipo njia za kuzunguka: mawakala wa nyumba wanajua ni askari wangapi wamepanga, shule zinajua watoto wangapi ni wa wanajeshi, na wenye maduka, gereji na baa wanaweza kukadiria mauzo yao hupungua kwa kiasi gani kikosi kinapokuwa ughaibuni kwa miezi sita. Njia hii ya mwisho naipenda kuliko zote, kwa kuwa kuondoka kwa kikosi ni jaribio la asili ambalo mtafiti hakulipanga na hakulilipia.

Kambi za kigeni zinahitaji uangalifu wa ziada, maana mikataba ya hadhi ya majeshi, yaani makubaliano yanayoweka haki na wajibu wa askari wa nchi moja walioko nchi nyingine, huwapa askari wageni misamaha mikubwa ya kodi na forodha. Mkataba wa NATO wa aina hiyo ni wa mwaka 1951. Katika eneo la Ramstein nchini Ujerumani, ambako jumuiya ya Wamarekani ina makumi ya maelfu ya watu, askari anaweza kununua katika duka la Kijerumani kwa fomu inayomwondolea kodi ya ongezeko la thamani. Kwa upande mmoja fomu hiyo inamvuta atumie fedha nje ya kambi. Kwa upande mwingine hazina ya nchi mwenyeji haipati kodi ambayo mteja mwingine angeilipa. Pande zote mbili ziingie katika hesabu.

Mikataba, ujenzi na mafuta

Orodha ya zabuni huonyesha anwani ya mzabuni. Anwani hiyo inaweza kuwa ya kampuni yenye makao makuu mbali, iliyoajiri vibarua wa eneo, au ya ofisi ndogo ya eneo inayopitisha malipo kwenda kwa mtengenezaji wa vipuri wa nchi nyingine. Kwa hiyo anwani isitumike kama ushahidi. Mikataba michache mikubwa zaidi ichunguzwe mmojammoja, kwa kuuliza kazi inafanyika wapi, nani anaifanya na vifaa vinatoka wapi. Iliyobaki inaweza kukadiriwa kwa mafungu kama usafi, ulinzi, chakula, matengenezo ya majengo na usafirishaji.

Ujenzi uandikwe katika safu yake peke yake, kwa sababu hangari mpya au ukarabati wa barabara ya kurukia huleta fedha nyingi kwa miaka miwili na kisha hukoma. Kuuchanganya na matumizi ya kila mwaka hufanya mwaka wa kawaida uonekane wa neema, na mwaka unaofuata uonekane wa msiba. Mafuta ya ndege, ambayo ni moja ya gharama kubwa za kambi yoyote, mara nyingi hununuliwa kwa mkataba wa taifa zima na hufika kwa bomba, treni au malori, hivyo yanayobaki katika eneo ni malipo ya madereva na walinzi wa matangi tu.

Kizidishi kitumike kwa kiasi

Kipato kinachoingia mjini hutumika tena: mwenye nyumba analipa fundi, fundi ananunua mboga, na kadhalika. Kiasi cha mizunguko hiyo ndicho kinachoitwa kizidishi. Hesabu yake ya msingi ni moja gawanya kwa moja toa sehemu ya kipato inayotumika tena ndani ya eneo na kuwa kipato cha mwenyeji mwingine. Ikiwa sehemu hiyo ni 0.3, kizidishi ni 1 gawanya kwa 0.7, yaani takriban 1.43. Tukirudi kwenye mfano wetu, 21 mara 1.43 ni 30. Mshahara wa 100 umeleta kipato cha 30 katika eneo baada ya mizunguko yote kumalizika.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuchukua kizidishi na kukizidisha na ile 100 ya mwanzo. Mtu akifanya hivyo anapata 143, karibu mara tano ya jibu sahihi, na hajaandika namba hata moja ya uongo. Mji mdogo wenye viwanda vichache una kizidishi kidogo, kwa sababu fedha inayoingia humo ni maji yaliyotiwa kwenye pakacha. Karibu kila bidhaa inayonunuliwa inatoka nje. Ripoti inayotumia kizidishi cha 2.5 kwa mji wa aina hiyo inastahili kuulizwa maswali magumu.

Palipo na jedwali la pembejeo na mazao la mkoa, yaani jedwali linaloonyesha kila sekta inanunua nini kutoka sekta nyingine, hesabu inaweza kufanywa kwa kina zaidi, sekta kwa sekta. Mbinu hiyo ilijengwa na Wassily Leontief, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1973 kwa kazi hiyo. Inasaidia sana, lakini inadhani kwamba bei hazibadiliki na kwamba wafanyakazi na nyumba hupatikana bila kikomo. Katika mji wenye nyumba chache dhana hiyo huvunjika mapema: kikosi kipya kikija na posho nzuri ya nyumba, sehemu ya posho huongeza idadi ya nyumba, na sehemu nyingine hupandisha pango tu. Pango linapopanda, mwenye nyumba anapata faida, na mwalimu au muuguzi aliyekuwa amepanga anahamia mbali. Jedwali litaonyesha faida ya wa kwanza na halitaona hasara ya wa pili.

Jambo jingine la kuangalia ni kipimo. Mauzo, ongezeko la thamani, kipato cha kaya na ajira ni vipimo vinne vya kitu kilekile, na kuvijumlisha ni kuhesabu fedha moja mara kadhaa. Kwa wasomaji wa kawaida kipato cha kaya na ajira hutosha. Mauzo ndiyo namba kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyo na msaada.

Upande wa gharama

Ripoti nyingi huishia kwenye faida. Kipimo kamili lazima kiwe na safu ya pili, hata kama baadhi ya mistari yake itajazwa kwa maelezo badala ya namba.

Ardhi ya jeshi kwa kawaida hailipi kodi ya majengo, lakini watoto wa askari wanasoma katika shule za halmashauri na malori ya kambi yanapita katika barabara zake. Marekani ililitambua tatizo hilo mapema na tangu 1950 ina sheria ya kufidia wilaya za shule zenye watoto wa watumishi wa serikali kuu na ardhi isiyotozwa kodi. Mahali pasipo na fidia ya namna hiyo, gharama ya kila mwanafunzi na matengenezo ya barabara zitolewe kwenye faida.

Kelele ni gharama ya kiuchumi yenye kipimo. Wataalamu huchora ramani yenye mistari ya wastani wa kelele wa saa 24, ambapo kelele za usiku huongezewa desibeli 10 kwa kuwa zinavuruga usingizi. Nchini Marekani desibeli 65 za wastani huo hutumika kama kiwango ambacho makazi hayapendekezwi kukivuka. Ramani ikishapatikana, bei za nyumba zilizo ndani ya mstari zilinganishwe na za nyumba za aina ileile zilizo nje, na tofauti hiyo izidishwe kwa idadi ya nyumba. Mahakama nazo hutoa kipimo: Februari 2017, mahakama ya Okinawa nchini Japani iliamuru wakazi takriban 22,000 wanaoishi karibu na kambi ya anga ya Marekani ya Kadena walipwe fidia ya kelele ya yen bilioni 30 hivi, na mlipaji aliyeamriwa ni serikali ya Japani. Vizuizi vya urefu wa majengo na maeneo yanayoachwa wazi kwenye ncha za barabara ya kurukia navyo vina gharama, ingawa hiyo hulipwa kimyakimya na mwenye kiwanja aliyezuiwa kujenga.

Uchafuzi ndio mstari unaochelewa kuandikwa kuliko yote. Mafuta yaliyovuja, viyeyusho vya kusafishia injini, na mapovu ya kuzimia moto yenye kemikali za kundi la PFAS, ambazo haziozi kwa urahisi, yaliyotumika kwa miongo kadhaa katika mazoezi ya wazima moto, huingia katika maji ya ardhini na kukaa humo. Kambi ya Pease huko New Hampshire ilifungwa mwaka 1991 na kugeuzwa kuwa eneo la biashara linalosifiwa sana. Mwaka 2014, zaidi ya miaka 20 baadaye, kisima kimoja kinachotoa maji hapo kilifungwa kwa sababu ya kemikali hizo. Anayepima kambi iliyo hai hawezi kujua bili hiyo itakuwa ya kiasi gani, lakini anaweza kuuliza nani ataiwajibikia kisheria, na jibu liandikwe. Tofauti kati ya jeshi kuwajibika na halmashauri kuwajibika inaweza kumeza faida za miaka mingi.

Pango linalolipwa kwa taifa

Kambi ya kigeni ikilipiwa pango, fedha hiyo haiingii katika mkoa kwa sababu tu kambi imo mkoani. Mkataba wa mwaka 2014 uliweka pango la kambi ya Marekani ya Lemonnier nchini Jibuti kuwa dola milioni 63 kwa mwaka. Pango la kambi ya Marekani ya Manas nchini Kirigizistani lilipandishwa mwaka 2009 kutoka dola milioni 17.4 hadi milioni 60, na kambi ikafungwa mwaka 2014. Kiasi kama hicho ni kikubwa kwa hazina ya nchi ndogo, lakini wanaokaa jirani na uzio wanafaidika kwa kadiri bajeti ya taifa inavyowarudishia, na kadiri hiyo inasomwa katika vitabu vya bajeti. Pango hilo liandikwe katika ngazi ya taifa, lisijumlishwe na kipato cha mkoa.

Kujifunza kutoka kambi zilizofungwa

Makadirio yote yaliyotangulia yanaweza kupimwa kwa kuangalia yaliyotokea kambi zilipoondoka. Marekani ilifanya awamu tano za kufunga na kupanga upya kambi, katika miaka ya 1988, 1991, 1993, 1995 na 2005, na kwa hiyo ina mifano mingi. Uchunguzi wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliotolewa mwaka 1996 kuhusu kambi kubwa tatu za California, zikiwemo kambi za anga za Castle na George, ulikuta kwamba madhara yalikuwa madogo kuliko utabiri uliotangulia. Sababu mojawapo inaelezeka kwa mfano wetu wa 100 na 30: aliyetabiri kwa kutumia 100 alitarajia maafa.

Lakini mtafiti asikimbilie kiwango cha ukosefu wa ajira kama ushahidi kwamba hakukuwa na madhara. Askari wanapohamishwa huondoka na ajira zao; hawajiandikishi kutafuta kazi. Kiwango kinaweza kubaki palepale huku nyumba zikikosa wapangaji na madarasa yakibaki matupu. Mji wa Limestone katika jimbo la Maine, uliokuwa na kambi ya Loring hadi 1994, ulihesabiwa watu wapatao 9,900 katika sensa ya 1990 na chini ya 2,400 katika sensa ya 2000. Vipimo vinavyofaa ni idadi ya watu, idadi ya wanafunzi, bei za nyumba, mauzo ya rejareja na makusanyo ya halmashauri, vyote kwa miaka kama mitano kabla na kumi baada ya kufungwa.

Kila kambi iliyofungwa ilinganishwe na maeneo mengine yanayofanana nayo kwa ukubwa, umbali kutoka jiji na aina ya uchumi, ambayo hayakupoteza kambi. Bila kundi hilo la kulinganishia, mabadiliko ya nchi nzima yatahesabiwa kuwa ya kambi. Ipo mifano ambayo hata kundi hilo haliiokoi. Kambi ya Marekani ya Clark nchini Ufilipino iliachwa mwaka 1991, mwaka uleule mlima Pinatubo ulipolipuka na kufunika majengo kwa majivu. Hakuna hesabu itakayotenganisha vizuri kuondoka kwa Wamarekani na volkano. Keflavík nchini Aislandi ilifungwa Septemba 2006, katikati ya neema ya mikopo, na benki za nchi hiyo zikaanguka Oktoba 2008. Anayesoma mstari wa ajira wa eneo hilo bila kuyajua hayo atadhani madhara yalichelewa miaka miwili.

Kinachoamua hatima ya eneo baada ya kambi, kwa maoni yangu, ni mahali ilipo kuliko ukubwa wake. Kambi ya Bergstrom ilikuwa kando ya Austin, Texas, jiji lililokuwa likikua na lenye uwanja wa ndege uliobanwa na makazi. Kambi ilifungwa mwaka 1993 na barabara zake za kurukia zikawa uwanja mpya wa jiji mwaka 1999. Hahn nchini Ujerumani nayo iligeuzwa uwanja wa kiraia baada ya 1993 na ikavutia mashirika ya ndege ya nauli nafuu, lakini iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt ambayo jina lake iliazima, na kampuni iliyouendesha uwanja huo ilifilisika mwaka 2021. Loring ilikuwa mbali na kila soko kubwa.

Okinawa inafundisha jambo jingine. Mapato yanayohusiana na kambi yalikuwa asilimia 15 hivi ya kipato cha mkoa huo uliporudishwa kwa Japani mwaka 1972, na katika miaka ya karibuni yamekuwa asilimia 5 hadi 6. Mapato hayo hayakupungua kwa yen. Uchumi mwingine, hasa utalii, ndio uliokua kwa kasi zaidi. Aidha, ardhi iliyorejeshwa huko Chatan, ilipokuwa barabara ya ndege ya Hamby, na huko Naha, ilipokuwa mitaa ya nyumba za askari, sasa ni maeneo ya biashara yenye shughuli nyingi kuliko zamani. Mkoa mwenye uhaba wa ardhi unapopima kambi yake, thamani ya ardhi hiyo katika matumizi mengine inaweza kuwa mstari mkubwa kuliko mishahara.

Kuandika ripoti

Ripoti ianze na jedwali moja la dhana: hali ya kulinganishia, mpaka wa eneo, sehemu ya mshahara inayovuka lango kwa kila kundi, sehemu ya kila matumizi inayobaki katika eneo, na kizidishi. Matokeo yatolewe kwa masafa, kiwango cha chini na cha juu, na ionyeshwe ni dhana ipi inayoyasogeza zaidi. Katika kazi nyingi za aina hii dhana hiyo huwa ni sehemu ya matumizi inayofanyika ndani ya uzio, kwa hiyo muda wa ziada wa utafiti upelekwe huko kabla ya kwingine.

Wastaafu wa jeshi wanaoishi karibu na kambi wapewe mstari wao wa pembeni. Pensheni zao zitaendelea kulipwa hata kambi ikifungwa, na wanaohesabika ni wale tu ambao wangehama kwa kukosa hospitali au duka la jeshi. Aliyegharamia utafiti atajwe katika ukurasa wa kwanza.

Mwisho, ripoti iwe na tarehe ya kuisha nguvu. Kambi hubadilika kwa amri ya siku moja: Kinloss huko Scotland ilipoteza kazi yake ya anga baada ya Uingereza kufuta ndege za doria za Nimrod mwaka 2010, ikakabidhiwa kwa wahandisi wa jeshi la nchi kavu mwaka 2012, na kuanzia 2020 jirani yake Lossiemouth ikapokea ndege mpya za doria za Poseidon. Mkoa ni uleule, ilhali idadi ya askari, aina ya familia zao na mikataba ya matengenezo vimebadilika mara mbili ndani ya muongo mmoja. Aina ya ndege ikibadilika, au raia wakikabidhiwa kazi za askari, sehemu ya mishahara ikokotolewe upya kwa dodoso jipya, hata kama jumla ya bajeti imebaki ileile.